Pawa saplai hujulikana siku ya balaa

Agosti 2021 kampuni ya Gigabyte ya Taiwan ilitoa taarifa kuhusu pawa saplai zake mbili za kompyuta, GP-P750GM ya wati 750 na GP-P850GM ya wati 850. Ilieleza kuwa imeshusha kikomo ambacho kinga ya mzigo inakata umeme. Awali kinga hiyo ilikuwa ikikata pale mzigo unapofika kati ya asilimia 120 na 150 ya uwezo wa kifaa. Sasa ingekata kati ya asilimia 110 na 120. Waliokuwa na vifaa vya namba zilizotajwa waliambiwa wanaweza kuvirudisha na kubadilishiwa. Kabla ya hapo wapimaji wa kujitegemea, wakiwemo Gamers Nexus wa Marekani, walikuwa wameonyesha hadharani pawa saplai hizo zikifa mezani, nyingine kwa mlipuko.

Kisa hiki kinafaa kuchambuliwa kwa sababu ya namna vifaa hivyo vilivyofika mikononi mwa watu. Kadi za grafiki zilikuwa zimeadimika, na duka la mtandaoni la Newegg lilikuwa likiziuza kwa mafungu: ukitaka kadi, chukua na kifaa kingine. Kwa baadhi ya wateja kifaa hicho kilikuwa mojawapo ya pawa saplai hizi. Hawakuichagua, walijikuta nayo. Sisi wa Afrika Mashariki tunaijua hali hiyo vizuri, kwa kuwa kompyuta nyingi hutufikia zikiwa za mtumba, au hufungwa ndani ya kasha lililouzwa pamoja na pawa saplai yake. Swali ni lile lile: hii niliyonayo, na inawaka, niibakize au niitoe?

Jibu langu linaanzia hapa: kuwaka si ushahidi wa kutosha. Lori halisifiwi kwa kuondoka stendi, husifiwa kwa breki zake kwenye mteremko. Pawa saplai nayo hupimwa kwa jinsi inavyojizima umeme ukikatika ghafla, mzigo ukizidi, joto likipanda au kapasita ikichoka. Iliyo nzuri hufa peke yake. Iliyo mbaya huondoka na mazabodi, diski na kazi zako zote.

Kinga iliyolegea

Tuanze na hesabu ya kisa chenyewe. Kwa kifaa cha wati 850, asilimia 150 ni wati 1,275. Maana yake kinga ingeweza kukaa kimya wakati sehemu za ndani zimebeba mzigo na nusu ya ule uliotangazwa. Tranzista zinazokatakata umeme wa ukutani hazina subira hiyo. Zikipita kiwango chake hupata joto, hupiga shoti, na shoti ya upande huo ndiyo inayotoa cheche na mlio.

Kwa nini mhandisi alegeze kinga kiasi hicho? Kadi za grafiki za kisasa zina tabia ya kuruka. Kwa kitambo kifupi mno hudai umeme unaozidi sana wastani wake, kisha hutulia. Kinga ikiwa kali kupita kiasi, kompyuta itazimika katikati ya mchezo ingawa hakuna kilichoharibika, na mteja atarudisha kifaa dukani akilalamika. Tatizo hili lilikuja kuingizwa kwenye kanuni: kiwango cha ATX 3.0 kilichotolewa na Intel mwaka 2022 kinazitaka pawa saplai kubwa zenye plagi mpya ya kadi za grafiki zihimili asilimia 200 ya uwezo wake kwa mikrosekunde 100. Mikrosekunde 100 ni sehemu moja ya elfu kumi ya sekunde. Kuvumilia mruko wa muda huo ni ustadi. Kuvumilia mzigo mkubwa kwa sekunde nyingi, halafu kwa dakika, ni kuacha lango wazi.

Gigabyte ilijitetea kuwa wapimaji walitumia mashine maalumu za mzigo, tena kwa muda mrefu na kwa kurudiarudia, karibu kabisa na kikomo cha kinga, na kwamba mateso ya namna hiyo hufupisha maisha ya kifaa. Utetezi huu una ukweli wake, kwa kuwa kompyuta ya kawaida nyumbani haivuti wati 1,200. Hata hivyo unakwepa kiini cha jambo. Kinga haikuwekwa kwa ajili ya siku za kawaida. Imewekwa kwa ajili ya siku ambayo waya umechubuka, feni imekwama au kadi imeharibika na inavuta umeme bila kipimo. Kinga inayoua kifaa kabla ya kukiokoa haijafanya kazi yake, hata kama siku nyingine zote mia tatu sitini na nne hakuna aliyeihitaji.

Beji na stika

Vifaa vile viwili vilikuwa na beji ya 80 PLUS Gold. Wengi walishangaa: kitu cha dhahabu kinalipukaje? Mshangao unaisha ukijua beji hiyo inapima nini. Mpango wa 80 PLUS ulianza mwaka 2004, na unapima ufanisi, yaani katika umeme unaoingia, ni kiasi gani kinatoka kuilisha kompyuta. Kwa umeme wa volti 115, Gold inataka asilimia 87 mzigo ukiwa asilimia 20, asilimia 90 mzigo ukiwa nusu, na asilimia 87 mzigo ukijaa. Beji haisemi lolote kuhusu kinga, wala ubora wa kapasita, wala kifaa kitaishi miaka mingapi kwenye chumba cha joto.

Hata hivyo tusiidharau. Ufanisi una uhusiano wa moja kwa moja na joto. Kompyuta inayotumia wati 300 kupitia pawa saplai yenye ufanisi wa asilimia 90 huvuta ukutani wati 333, na wati 33 zinabaki ndani ya kasha kama joto. Kwa ufanisi wa asilimia 75 itavuta wati 400, na wati 100 zitakuwa joto tupu, mara tatu ya zile za kwanza. Beji basi ni ushahidi wa pembeni. Inakuambia kifaa kitaishi katika joto kiasi gani, ila haikuambii kitakufa vipi.

Ushahidi bora zaidi uko ubavuni, kwenye stika. Usiishie kwenye namba kubwa ya wati. Tafuta laini ya volti 12, uzidishe volti kwa ampea. Stika ikidai wati 500 lakini laini ya volti 12 ina ampea 16 tu, hiyo ni wati 192. Nyingi ya zilizobaki zimeahidiwa kwenye laini za volti 5 na 3.3, ambazo kompyuta ya leo haizitumii sana. Tangu Pentium 4 ilipokuja mwaka 2000 pamoja na kiwango cha ATX12V na plagi yake ya ziada ya pini nne, mzigo wa prosesa umehamia kwenye volti 12, na kadi za grafiki zimefuata njia hiyo hiyo. Pawa saplai ya kweli ya wati 550 hutoa karibu zote kwenye laini hiyo: ampea 45, yaani wati 540. Stika ambayo hesabu yake haifiki nusu ya jina lake imekwisha kukuambia tabia ya aliyeitengeneza, na aliyedanganya kwenye stika hana sababu ya kuwa mwaminifu kwenye kinga.

Kagua pia unene wa nyaya. Namba iliyochapwa kwenye ganda la waya inafuata kipimo cha Marekani ambacho namba kubwa ni waya mwembamba: 18 ni mnene kuliko 20, na 20 kuliko 22. Kwa plagi zinazolisha prosesa na kadi ya grafiki, 18 ndiyo ya kawaida kwa vifaa vya heshima.

Mita na mipaka yake

Jaribio linalopendwa na mafundi wengi ni la kuunganisha waya wa kijani na mweusi kwenye plagi kubwa. Feni ikizunguka, pawa saplai inatangazwa kuwa nzima. Jaribio hili linathibitisha jambo moja tu, kwamba kifaa kinaitika kinapoamriwa kuwaka. Hakina mzigo, na bila mzigo hata pawa saplai iliyochoka husimama wima.

Kipimo chenye maana hufanywa kompyuta ikiwa inafanya kazi. Chukua plagi ya pini nne isiyotumika, weka waya mweusi wa mita kwenye mweusi na mwekundu wa mita kwenye njano. Kiwango cha ATX kinaruhusu asilimia 5 juu au chini: volti 12 ibaki kati ya 11.40 na 12.60, volti 5 kati ya 4.75 na 5.25, volti 3.3 kati ya 3.14 na 3.47. Soma kwanza kompyuta ikiwa imetulia, kisha ibebeshe kazi nzito ya prosesa na kadi ya grafiki kwa pamoja, usome tena.

Kinachotazamwa hapa ni mwendo kuliko namba. Laini inayotoka 12.10 hadi 12.02 chini ya mzigo iko imara. Inayotoka 12.10 hadi 11.50 bado imo ndani ya sheria, lakini imeporomoka volti 0.6, na siku joto likiongezeka itavuka mpaka. Ukiona volti 12 inashuka huku volti 5 ikipanda, hapo umekutana na usanifu wa zamani ambao laini hizo mbili hudhibitiwa kwa pamoja. Uliwafaa watu wa enzi za mzigo wa volti 5, lakini kwa kompyuta ambayo karibu kila kitu kinanyonya volti 12, mizani hiyo hulalia upande mmoja.

Mita ya kawaida haioni kila kitu. Juu ya umeme ulionyooshwa hubaki vijiwimbi vya kasi kubwa, na mita hukupa wastani tu. ATX inaruhusu vijiwimbi visivyozidi milivolti 120 kwenye laini ya volti 12, na 50 kwenye laini za volti 5 na 3.3. Kuvipima kunahitaji oskiloskopu. Asiye nayo atumie njia ya kubadilishana. Kompyuta ikiganda au kujiwasha upya chini ya mzigo, ifunge pawa saplai nyingine unayoiamini, urudie kazi ile ile. Ikitulia, mshitakiwa umempata. Namba za volti zinazoonyeshwa na programu ndani ya kompyuta zichukuliwe kama fununu tu, kwa kuwa zinatoka kwenye vipimo vya mazabodi ambavyo mara nyingi havina usahihi.

Upo pia waya wa kijivu, ambao wengi huupita. Kupitia huo pawa saplai huiambia mazabodi kwamba volti zote zimetulia na kazi ianze. Ujumbe huo unatakiwa uje kati ya milisekunde 100 na 500 baada ya volti kutulia, na uondoke kabla volti hazijaanguka, ili kompyuta isimame kwa adabu. Kwenye baadhi ya vifaa vya bei ya chini kabisa waya huo huunganishwa tu na volti 5. Mazabodi inaambiwa "tayari" hata pale ambapo si tayari.

Umeme unapokatika

Kipimo ninachokithamini kuliko vyote kwa mazingira yetu ni cha milisekunde chache baada ya umeme wa ukutani kupotea. Matoleo ya ATX yaliyotawala kwa miaka mingi yanataka pawa saplai iendelee kutoa volti sahihi kwa takriban milisekunde 16 hadi 17 mzigo ukiwa umejaa. Kwa umeme wa hezi 50, kama wa TANESCO na Kenya Power, mzunguko mmoja wa wimbi ni milisekunde 20. Kwa hiyo kifaa kizuri huvuka karibu wimbi zima lililokosekana bila kompyuta kujua.

Anayefanya kazi hiyo ni kapasita kubwa iliyoko upande wa umeme wa ukutani. Inapozeeka hifadhi yake hupungua, na muda huo hupungua nao. UPS ya kawaida ya ofisini huchukua takriban milisekunde 4 hadi 10 kuhamia kwenye betri. Pawa saplai ambayo akiba yake imeshuka chini ya hapo itaiangusha kompyuta hata kama UPS ni nzima. Ndiyo maana tunasikia watu wakilaumu UPS na kubadilisha betri mara kwa mara ilhali ugonjwa uko kwingine.

Jaribio lake ni rahisi. Hifadhi kazi zako, ibebeshe kompyuta mzigo, kisha chomoa UPS ukutani. Kompyuta ikijiwasha upya wakati nyingine kwenye UPS hiyo hiyo zimebaki macho, pawa saplai imechoka. Jiridhishe kwanza kwamba UPS haijazidiwa, na kwamba si ya aina inayotoa wimbi la ngazingazi, maana baadhi ya pawa saplai za kisasa hazielewani na wimbi hilo. Ukipunguza mzigo hadi nusu, muda wa akiba huwa karibu maradufu. Kwa sababu hiyo kifaa kinachoshindwa kwenye kompyuta ya michezo kinaweza kufaulu kwenye kompyuta ya kuandikia barua.

Joto, unyevu na umri

Kapasita za maji ya kemikali huchoka hata zikitunzwa. Kanuni ya mafundi ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zinapopungua, maisha yake huwa maradufu. Chukua mbili, zote za saa 2,000, moja ya nyuzi 85 na nyingine ya 105, zifanye kazi kwenye nyuzi 55. Ya kwanza itaishi takriban saa 16,000, ya pili saa 64,000. Kwa saa 10 kwa siku, ya kwanza inaondoka baada ya miaka minne na kidogo, ya pili baada ya miaka kumi na saba. Tofauti ya bei kati yake ni ndogo, na ndiyo sehemu ya kwanza ambayo mtengenezaji wa bei ya chini hubana.

Hasara ya kapasita mbovu si hadithi. Mwaka 2005 Dell ilitenga dola milioni 300 kwa ajili ya kompyuta za OptiPlex ambazo kapasita za mazabodi zake zilikuwa zikivimba na kuvuja. Kwa ukanda wa pwani, kuanzia Lamu hadi Mtwara, joto linaongezewa unyevu. Mwaka 2020 Corsair, kampuni yenye jina zuri katika biashara hii, iliwabadilishia wateja baadhi ya pawa saplai za familia ya SF kwa sababu zilionekana kushindwa zinapokutana na joto kali pamoja na unyevu mwingi. Jina zuri halikuzuia kosa. Lililowafaa wateja ni kwamba kampuni iliweza kutaja toleo lenye shida na kulibadilisha. Pawa saplai isiyo na namba ya toleo wala mwenyewe wa kuulizwa haina siku ya namna hiyo.

Ukaguzi wa macho ufanywe kupitia matundu, kwa tochi, bila kufungua boksi. Kapasita kubwa huweza kubaki na volti zaidi ya 300 hata baada ya kuchomolewa ukutani. Tafuta vichwa vilivyovimba, ukungu wa kahawia, kutu na vumbi lililoshikana. Nusa pia. Harufu ya samaki au ya kuungua haihitaji mita.

Hukumu

Iko sababu moja ya kuiweka pembeni kabla ya vipimo vyote: swichi nyekundu ya kuchagua volti 115 au 230. Ikiwa upande wa 115 na umeme wetu wa 230 au 240 ukaingia, sakiti ya ndani huongeza volti mara mbili, na kapasita mbili za volti 200 kila moja hujikuta zimebeba karibu 650. Zitalipuka. Swichi hiyo, hata ikiwa upande sahihi, ni alama ya usanifu wa zamani au wa bei ya chini.

Kwa zilizobaki, hukumu zangu ni tatu. Ibakie iwapo hesabu ya stika inakubali, volti 12 haiporomoki chini ya mzigo, inavuka kukatika kwa umeme, na mtengenezaji anajulikana. Kwa kigezo hiki pawa saplai ya asili ya kompyuta ya ofisi ya HP au Dell mara nyingi hustahili kubaki kuliko mpya isiyo na jina. Usiibadilishe tu kwa kuwa ni ya zamani, na usilazimishe plagi nyingine mahali pake. Dell za mwishoni mwa miaka ya 1990 zilikuwa na plagi inayofanana na ya ATX lakini yenye mpangilio tofauti wa nyaya, na kosa hilo liliunguza mazabodi.

Ishushwe cheo iwapo ni ya kweli lakini imezeeka: ipewe mashine nyepesi isiyofika nusu ya uwezo wake, isiyo na kadi ya grafiki wala data ya pekee.

Itolewe iwapo stika inadanganya, volti zinatoka nje ya mipaka, ina uvimbe au harufu, au imekwisha kuua kifaa kingine hata mara moja. Hapa huruma ndiyo hugharimu. Pawa saplai iliyotolewa lakini ikaachwa rafuni hurudi sokoni, na kutoka Kariakoo au Luthuli Avenue itaingia kwenye kompyuta ya mtu mwingine, kwa sababu ukiiunganisha ule waya wa kijani na mweusi, feni yake bado inazunguka. Chomoa ukutani, kata nyaya zake zote karibu na boksi, uipeleke kwa wanaokusanya taka za elektroniki.